Rangi Tatu, Dawa Moja

Mama Vifungo alikuwa na jicho la rangi. Ukimletea shati lililopoteza kifungo, hakuuliza maswali. Alilitazama mara moja, akatia mkono kwenye sanduku, akatoa kifungo kilichofanana na wenzake kama pacha. Watu walisema angeweza kutenganisha weupe wa chumvi na weupe wa sukari gizani.

"Gizani siwezi," alikuwa akijibu. "Gizani hata mume simjui mpaka akohoe."

Mume mwenyewe aliitwa Fundi, na alikuwa hapo hapo kwenye cherehani, akikohoa. Duka lao lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Lilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na vitambaa mpaka darini. Kwenye meza ya kukatia alisimama dada mdogo wa Fundi. Huyo walimwita Mkasi. Kwanza kwa sababu alikata vizuri, pili kwa sababu ya mdomo wake. Mlangoni, kwenye kiti kifupi, alikaa Bibi, mama mzazi wa Mama Vifungo. Kazi yake ilikuwa kufumua mishono iliyokosewa na kutega vitendawili.

"Kitendawili," alisema Bibi asubuhi ile.

"Tega," walijibu wote, macho kwenye kazi.

"Kila akiruka ukuta, mkia wake unafupika."

"Sindano na uzi," alisema Mkasi. "Bibi, tupe kigumu. Hicho hata cherehani inakijua."

Wakati huo walikuwa na kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Shule ya mtaa wa pili ilikuwa imejenga ukumbi, na ukumbi ulitaka pazia la jukwaa. Pazia la mahameli nyekundu, refu kutoka juu hadi sakafuni. Mahameli ni kitambaa kizuri kwa macho, lakini ni kibaya kwa mgongo. Ni kizito kama ng'ombe aliyelala. Fundi alikiinua, akakisukuma chini ya sindano, akakivuta, akakiinua tena. Vumbi lake jekundu likamwingia puani. Basi mgongo ukauma, kichwa kikauma, na mafua nayo yakaona hapa pana nafasi.

"Mama watoto," aliita Fundi. "Nipe nyeupe."

Mama Vifungo akafungua sanduku la vifungo. Lilikuwa na vyumba vidogo vingi, na katika safu ya mwisho havikukaa vifungo. Vilikaa vidonge. Walinunua dawa zikiwa kwenye pakiti zake, kama watu wote. Lakini ile karatasi ngumu inayong'aa ina kona kali. Kona ikigusa mahameli au hariri, huchomoa nyuzi, na kitambaa cha mteja kimeharibika. Ndiyo maana, dawa ikifika tu, Mkasi aliikata karatasi vipande vipande, akatoa vidonge vyote, akavipanga kwa rangi. Vyeupe vilikuwa vya mgongo. Vya njano vilikuwa vya mafua. Vya buluu vilikuwa vya kulalia, pale maumivu yanapokataa usingizi.

Fundi akameza cheupe kwa maji. "Na ya njano," alisema.

"Si umemeza sasa hivi?"

"Nyeupe ni ya mgongo. Ya njano ni ya mafua. Wewe ukimshonea mtu koti, unamwambia suruali asahau?"

Mama Vifungo akacheka, akampa. Aliona hoja imekaa sawa. Jioni akampa na ya buluu.

Siku zikaenda hivyo. Maumivu yakirudi, Fundi anameza. Yakichelewa kuondoka, anaongeza. Chakula cha mchana kilikuja kikapoa pembeni, maana pazia lilikuwa na haraka na tumbo lingeweza kusubiri.

Halafu Fundi akaanza kubadilika. Mtu aliyekuwa akiimba na cherehani akanyamaza. Alichoka kabla ya kuanza kazi. Siku moja Mama Vifungo alimpelekea wali na mboga, naye akasukuma sahani kwa kidole.

"Harufu yake inanichefua," alisema.

"Harufu ya chakula changu?"

"Ya chakula chochote. Usininunie, mama watoto. Hata maji yananitazama vibaya."

"Kaka amepata mimba," alisema Mkasi. "Hongera, wifi. Mtoto akiwa msichana mumwite jina langu."

Walicheka, na Fundi naye alijaribu kucheka. Lakini alishika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, akakaa chini polepole. Kisha akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba hata mkojo wake umebadilika. Umekuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Mama Vifungo alimshika mkono. Alimwongoza mpaka mlangoni kwenye mwanga. Akachukua uzi mweupe, akaushika karibu na jicho la mumewe, kama anavyofanya anapolinganisha uzi na kitambaa. Akautazama uzi. Akalitazama jicho. Akarudia.

"Mbona unanipima kama shati?" Fundi aliuliza.

"Huu ni mweupe," alisema Mama Vifungo. "Jicho lako si jeupe. Lina umanjano."

Mkasi aliweka chini alichokuwa akikata. Bibi akainuka kwenye kiti chake, naye hakuwa mtu wa kuinuka ovyo.

"Hiyo ni nyongo," alisema Bibi. "Ninajua mizizi michungu. Tukiichemsha akanywa, umanjano wote utatoka."

"Au anywe kwanza ya njano, atulie," alisema Mkasi. "Na kesho apumzike."

Mama Vifungo alitazama sanduku, kisha akamtazama mumewe. Alikuwa ameolewa na mtu huyu akiwa bado hajui kutunga uzi kwenye cherehani. Fundi ndiye aliyemfundisha, na hakumcheka hata siku moja.

"Mama, mimi siikatai mizizi yako kwa dharau," alisema. "Lakini hatujui kilichomuumiza. Tukiongeza kitu kingine juu yake, tutajuaje kipi kinamuua na kipi kinamponya? Nguo ikiwa na kasoro huongezi mshono juu ya mshono. Unatafuta kwanza inapovuta."

Bibi alifikiri. "Hilo nalo neno," alisema. "Nileteeni kanga yangu ya kutokea. Tunakwenda hospitali."

"Tunakwenda nani na nani?" aliuliza Mkasi.

"Mimi nimesimama tayari. Unadhani nimesimama kwa ajili ya mazoezi?"

Wakaenda wote wanne. Mama Vifungo alibeba sanduku la vifungo kwapani.

Daktari waliyemkuta alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimlaza Fundi kitandani, akambonyeza tumbo, akamtazama macho na viganja. Akamuuliza ameanza lini kuchoka, kama anakunywa pombe, kama kuna mtu nyumbani amewahi kuugua hivi. Fundi alijibu yote. Pombe hakunywa.

"Na dawa?" daktari aliuliza. "Unatumia dawa gani?"

"Hakuna dawa, daktari. Vidonge vya kawaida tu."

"Vya kawaida vipi?"

Mama Vifungo alifungua sanduku, akamimina safu ya mwisho kwenye meza. Vidonge vikabingirika. Kifungo kimoja cha buluu nacho kikabingirika pamoja navyo.

Daktari alikiokota. "Na hiki anameza mara ngapi kwa siku?"

"Hicho ni cha blauzi," alisema Mkasi.

"Nashukuru kusikia hivyo." Daktari alitabasamu, lakini haraka akarudi kwenye kazi. "Hivi vingine ni dawa gani?"

"Nyeupe ya mgongo, ya njano ya mafua, ya buluu ya kulalia," Mama Vifungo alisema.

"Hizo ni rangi. Nauliza majina. Mtengenezaji anaweza kuitia dawa rangi anayopenda. Rangi haisemi kilichomo ndani. Pakiti zake ziko wapi?"

Wote wakamgeukia Mkasi.

"Nilizikata," alisema Mkasi. "Lakini sikuzitupa. Mimi hakuna kipande ninachotupa."

"Basi vilete," daktari alisema. "Sasa hivi, tafadhali. Nami huku namtoa damu ya kupima."

Mkasi alikwenda na kurudi mbio, mfuko wa mabaki mkononi. Alimwaga kwenye benchi nje ya chumba. Vilitoka vipande vya hariri, vya pamba, vya mahameli, na katikati yao vipande vidogo vinavyong'aa. Wanawake watatu wakainama. Kuunganisha vipande ndiyo kazi yao. Hiki kina kona hii, kinaingiana na kile. Huu ni mkato wangu, alisema Mkasi, naujua, nikikata kwa haraka huwa napinda kushoto. Punde pakiti tatu zikawa zimelala pale kamili, kama vipande vya gauni kabla ya kushonwa.

Daktari akaja na miwani yake. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akasoma ya tatu. Kisha akamwita Mama Vifungo asogee, akamwonyesha kwa kalamu maandishi madogo chini ya jina kubwa.

"Soma hapa."

"Parasetamoli," Mama Vifungo alisoma.

"Na hapa, kwenye ya njano?"

"Parasetamoli. Na kitu kingine cha mafua."

"Na hapa, kwenye ya buluu?"

Mama Vifungo alisoma neno lilelile. Jicho lake lililojua rangi zote lilikuwa limeona dawa tatu. Ilikuwa ileile moja, imevaa nguo tatu.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Ulimpa kwa upendo," daktari alisema. "Na umemleta mapema, ukaja na dawa zenyewe. Hilo limenisaidia sana. Sasa kaeni, niwaeleze."

Wakakaa kwenye benchi, na mabaki ya vitambaa magotini.

"Parasetamoli si dawa mbaya," daktari alianza. "Ukiitumia kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, inasaidia, na watu wengi huinywa bila shida. Lakini dawa tunayomeza lazima ipite kwenye ini. Ini liko hapa, upande wa kulia, chini ya mbavu. Mnajua kazi yake?"

"Kitendawili," alisema Bibi.

Daktari akasita. "Tega," alijibu.

"Nina mtumishi ndani ya nyumba yangu. Anapokea mizigo, anachambua, anafagia taka. Hajalala tangu nizaliwe, na sijawahi kumwona."

"Ini," alisema daktari. "Bibi, umenimalizia somo."

"Nimekisia tu," Bibi alisema, ingawa alionekana kuridhika.

"Basi mtumishi huyo anaweza kazi nyingi, lakini si zote kwa wakati mmoja. Kila rangi peke yake ilikuwa mzigo wa kawaida. Rangi tatu pamoja, kila siku, na mtu hali vizuri, ulikuwa mzigo wa kumwangusha. Dawa iliyozidi ikageuka sumu, ikaanza kuliumiza ini lenyewe. Ndiyo maana amechoka, chakula kinamchefua, mkojo umekuwa mweusi na macho yana umanjano. Wengine huwashwa mwili mzima."

"Una uhakika ni dawa?" Mkasi aliuliza. "Nimesikia watu wenye macho ya manjano wana homa ya ini."

"Swali zuri sana. Hakuna kipimo kimoja kitakachoniambia 'ni dawa' na kwisha. Napima damu kuona ini limeumia kiasi gani, na kama damu inaganda vizuri. Napima virusi vya homa ya ini. Natazama tumbo kwa picha, nione kama mfereji wa nyongo umeziba. Nikiondoa sababu hizo moja moja, na nikijua dawa alizomeza, ndipo naweza kusema. Ila matibabu hayasubiri majibu yote."

"Ana dawa?" aliuliza Mama Vifungo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Ya kwanza ni kuacha kabisa hivyo vidonge. Ya pili, kwa parasetamoli iliyozidi ipo dawa ya kulikinga ini. Inaingia kwa mshipa, na inafanya kazi vizuri zaidi mtu akiwahi. Tunaianza sasa. Atalala hapa."

"Atapona?"

Daktari alivua miwani. "Ini lina sifa moja ya ajabu. Likiachwa lipumzike, mara nyingi hujijenga upya. Lakini siwezi kukuahidi leo. Kuna walioumia zaidi ya hapa na ini likashindwa. Nataka mnisaidie kumwangalia. Akianza kuchanganyikiwa, akisema maneno yasiyoeleweka, akilala usingizi usioamshika, akitapika mfululizo au akitokwa na damu, mwiteni muuguzi hapo hapo. Msingoje."

Fundi akapelekwa wodini, chupa ya dawa ikaning'inia juu ya kitanda. Mama Vifungo akakaa ubavuni mwake. Hakuwa na nguo ya kushona wala kifungo cha kushika, na mikono yake haikujua pa kukaa. Kila Fundi alipofumba macho, alimgusa.

"Mama watoto," Fundi alisema, "ukiendelea kunigusa hivi majirani watasema."

"Nataka kujua kama umechanganyikiwa."

"Utajuaje?"

Bibi akasogeza kiti chake. "Hiyo niachie mimi," alisema. "Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kitendawili. Mkwe wangu, jitayarishe. Kitendawili."

"Tega, mama."

"Ana meno safu mbili, haumi wala hatafuni. Akifunga mdomo, nguo inakaa mwilini."

Kitendawili hicho kilikuwa chepesi. Fundi alikuwa ameshona zipu nyingi kuliko siku za maisha yake. Wote wakamtazama. Fundi akatazama dari. Akakunja uso. Midomo ikacheza bila sauti. Mama Vifungo akaanza kuinuka kumwita muuguzi.

"Ni mdogo wangu Mkasi," alisema Fundi.

Mama Vifungo akafunika mdomo kwa mkono. Mkasi akashika nguzo ya kitanda.

"Ila hapana," Fundi aliendelea polepole. "Mkasi hajawahi kufunga mdomo. Basi ni zipu."

Kisha Bibi akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na Mama Vifungo akacheka huku machozi yanamtoka, na Mkasi akasema mgonjwa huyu arudishwe nyumbani, hana ugonjwa wowote, ana ubaya wa roho tu. Muuguzi alikuja kutazama kelele ni za nini. Bibi akamwambia walikuwa wanapima akili, na imekutwa ipo.

Hivyo ndivyo walivyomwangalia. Asubuhi kitendawili, mchana kitendawili, jioni kitendawili. Daktari alipita na karatasi za majibu. Virusi vya homa ya ini havikuonekana. Mfereji wa nyongo ulikuwa wazi. Vipimo vya ini vilikuwa juu sana, na damu ilikuwa ikichelewa kuganda. Kisha ikaja asubuhi ambayo daktari alitabasamu kabla hajafika kitandani.

"Vimeanza kushuka," alisema. "Na damu inaganda vizuri zaidi."

"Lakini macho bado ya manjano," Mama Vifungo alisema. Alikuwa na uzi wake mfukoni, na alishalinganisha asubuhi ile.

"Macho hukawia. Damu hutangulia kusema. Usihangaike na macho, angalia mtu mwenyewe."

Mtu mwenyewe alikuwa ananusa hewani. "Yule wa kitanda cha pili anakula nini?" aliuliza.

"Viazi na maharage," alisema Mkasi.

"Vinanukia," alisema Fundi.

Mama Vifungo hakusikia kilichofuata. Alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi wa wodi, anakimbia kwenda kutafuta viazi na maharage. Muuguzi alimwambia hospitalini watu hawakimbii. Alipunguza mwendo mpaka kona, halafu akaendelea kukimbia.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaita wote. Fundi alikuwa amevaa shati lake mwenyewe, na lilimpwaya.

"Vipimo vinashuka vizuri, lakini utarudi kupima damu mpaka viwe sawa kabisa," daktari alisema. "Usimeze dawa yoyote ya maumivu bila kuniuliza. Ukienda hospitali au duka la dawa, popote, anza kwa kusema: ini langu liliwahi kuumizwa na dawa, dawa yenyewe ni hii. Nimekuandikia, iweke pamoja na kitambulisho chako."

"Na mizizi ya kusafisha ini?" Bibi aliuliza. "Nauliza kwa niaba ya wengine."

"Waambie hao wengine kwamba ini halioshwi, Bibi. Linapumzishwa. Mitishamba nayo hupita kwenye ini, na mingine huliumiza. Ukiugua, usifiche ulichokunywa. Sisi hatugombezi mtu, tunataka kujua tu."

Mkasi alikuwa amekunja uso. "Daktari, mimi nina dawa za presha, nameza kila siku. Sasa nimeogopa. Nizitupe?"

"Usizitupe. Uliandikiwa na mtaalamu, na kuziacha ghafla kunaweza kukuumiza zaidi. Watu wa dawa za kifua kikuu nao ni vivyo hivyo, na wa dawa nyingine za muda mrefu. Wakiona macho ya manjano, mkojo mweusi au kichefuchefu kisichoisha, waje upesi. Sisi ndio tutakaosema dawa isimame au ibadilishwe. Usiache peke yako, usiongeze peke yako."

"Na mgongo wangu?" Fundi aliuliza. "Pazia bado liko pale."

"Unashonaje hilo pazia?"

Fundi akamwonyesha, akainama kama anavyoinama. Daktari akatikisa kichwa. "Hapo hata mimi ningeumwa," alisema. "Tibu kinachouma na kinachosababisha."

Basi wakatibu na kinachosababisha. Seremala wa jirani aliongeza urefu wa miguu ya meza ya cherehani. Akatengeneza na meza nyingine ndogo ya kushikilia kitambaa kizito, ili kisimvute Fundi. Mahameli ikaanza kuteleza yenyewe kuelekea kwenye sindano. Mama Vifungo akawa anamsimamisha kila mara anyooshe mgongo. Akikataa, Mkasi huzima taa ya cherehani. Vumbi la mahameli walilizuia kwa kitambaa puani. Fundi alisema sasa wateja watadhani ni duka la majambazi, lakini alikivaa. Dawa zikapata mfuko wao wa kitambaa, ukutani, juu, mbali na watoto na mbali na hariri. Zikakaa humo ndani ya pakiti zake, zikiwa na majina yake na tarehe zake.

Pazia lilichelewa kidogo, lakini lilifika. Damu ya Fundi ilipimwa, ikapimwa tena, mpaka daktari akasema ini limerudi kazini. Mama Vifungo aliweka uzi kando ya jicho la mumewe mlangoni, kwenye mwanga. Hakuona tofauti. Akalinganisha tena, si kwa shaka, kwa raha tu.

Bibi naye alikuwa na jambo lake. Siku ile ya pakiti, pale kwenye benchi, aliunganisha vipande na wenzake lakini hakujua vinasema nini. Jambo hilo lilimuuma. Akajiandikisha kwenye darasa la watu wazima. Sasa alikuwa anasoma kila kitu. Alisoma mabango, magunia, na fulana za wapita njia, mpaka vijana wakawa wanaona haya kupita pale.

Asubuhi moja aliingia dukani akichechemea.

"Mkwe wangu, goti limeniamkia vibaya. Naomba kidonge."

Fundi alisimamisha cherehani. "Pole, mama. Goti limeanza lini?"

"Jana."

"Kuna kitu umeshameza?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Ulipewa na nani? Umekula? Una dawa nyingine unazotumia?"

Bibi akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Nimekuja kuomba kidonge au nimekuja kuposwa?"

Mkasi alicheka mpaka akaegemea meza. Lakini Fundi hakulegea. Alimletea kiti, akachukua pakiti moja ya vile vidonge vyeupe kwenye mfuko wa ukutani, akamwekea mkononi.

"Soma, mama."

Bibi akavaa miwani. Akaweka kidole chini ya maandishi madogo, si yale makubwa. "Pa," alisema. "Ra. Se. Ta. Mo. Li." Akaketi wima. "Parasetamoli. Huyu namjua. Ndiye aliyetulaza hospitali."

"Ndiye. Kwa kiasi chake ni mtu mwema. Na hicho kidogo ulichokwisha kumeza, pakiti yake unayo?"

Bibi alijishika mfukoni. Akatoa pakiti nyingine. Ilikuwa ya kijani, yenye picha ya mtu anayekimbia. "Hii amenipa jirani," alisema. "Ni ya viungo. Ya viungo ni mbali na hiyo. Hata rangi si moja."

Alipolitaja neno rangi, mwenyewe akaitazama tena pakiti mkononi. Mama Vifungo aliacha kushona. Hakuna aliyemsaidia. Bibi aligeuza pakiti, akatafuta maandishi madogo, akaweka kidole.

"Pa," alisoma. "Ra."

Kidole kikasimama. Bibi akainua uso, akamtazama mkwewe juu ya miwani.

"Baba," alisema, "hii nyeupe irudishe ukutani. Mimi nimeshameza ya leo."